Ndugu Hawahesabiani Vitunguu

Jahormat Sibarani, mkuu wa utawala wa Kitivo cha Kilimo pale chuo kikuu cha mji wetu wa Siantar, alikuwa na majina mawili ya kumwitia Tiurma. Siku ya mshahara alimwita mtumishi wa mkataba. Siku ya sherehe alimwita ito.

Ito ni neno zuri kwetu Wabatak. Mwanamume humwita hivyo dada yake na binti yeyote wa ukoo wake, nao humwita yeye vivyo hivyo, hata kama wamekutana leo kituo cha basi. Na ni kweli Tiurma na Jahormat wote walizaliwa ukoo wa Sibarani. Tiurma akaolewa na mtu wa ukoo wa Siagian, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni, na tangu hapo nyumba yake ikawa boru wa akina Sibarani, yaani nyumba iliyopewa binti. Kazi ya boru kwenye sherehe za wakwe, yaani waliotoa binti, inajulikana: yeye ndiye anayechinja, anayepika, anayesugua masufuria na kula wa mwisho. Hakuna anayeona aibu kwa hilo, maana wakwe nao wana wajibu wao. Lazima wambembeleze boru, wambariki, na akiwaletea nguruwe wamrudishie samaki mzima, kichwa na mkia, pamoja na maneno ya heri. Jahormat aliikumbuka nusu ya kwanza ya desturi hii vizuri sana. Nusu ya pili ilimtoka kichwani.

Tiurma alikuwa karani wa masijala. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba uliishia mezani kwa Jahormat, ukakaa hapo mpaka roho imtoke. Mara ya kwanza alipoitwa jikoni ilikuwa kuapishwa kwa mkuu wa kitivo. Jahormat alimfuata masijala akitabasamu, jambo ambalo lilipaswa kumtisha.

"Ito, wenye hoteli wanataka kutuchuna ngozi. Wewe boru wetu upo, kwa nini tuwape wageni? Jiko ni lako."

"Na faili hizi, bosi?"

"Faili zina miguu? Halafu leo usiniite bosi. Mimi ni ito wako."

Tiurma akapika. Vitunguu na limau alinunua kwa fedha yake, kwa kuwa fungu la kitivo lilikuwa limeshapungua njiani, na sote tunajua lilipungulia mfuko wa nani. Alipokwenda kuulizia, Jahormat alimtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani.

"Ndugu hawahesabiani vitunguu, ito."

Sentensi hiyo ilimsaga Tiurma miaka. Aliapishwa huyu, akastaafu yule, wakaja wakaguzi wa ubora, wakaja wageni wa wizara, kitivo kikatimiza miaka kadhaa, na kila mara jiko lilikuwa lake. Mwisho wa mwezi mashine ya alama za vidole ilionyesha hakuwepo masijala siku hizo, akakatwa. Naam, alikatwa mshahara kwa kuwapikia waliomkata! Mtu akikuambia subira huvuta heri, mwambie akaivutie kwake.

Lakini jiko lile lilimfundisha mambo. Alijifunza kuwasikiliza wauza samaki sokoni hadi wachoke kujisifu, ndipo ataje bei yake. Alijua kwamba mwaliko wa maprofesa mia huleta maprofesa sitini, ila ukiandika kwamba kutakuwa na saksang, ile nyama ya nguruwe iliyoungwa kwa damu yake, watakuja na madereva wao. Alijua kuhifadhi andaliman, pilipili yetu ya milimani inayotia ganzi ulimi, isipoteze ukali hata mvua ikinyesha wiki nzima. Kwa ajili ya wenzake Waislamu aliweka jiko la kuku mbali, sufuria zake, miiko yake, kitambaa chake, na aliyevichanganya alikiona cha moto. Hakuna aliyemlipa kujifunza hayo. Aliyajifunza kwa sababu chakula kikiungua, anayetukanwa ni yeye.

Hakuwa peke yake. Msafishaji wa ghorofa ya chini, Rosmida, alikuwa boru Siagian, yaani binti wa ukoo wa mume wa Tiurma, kwa hiyo walikuwa mtu na wifi yake. Rosmida alikuwa mwembamba, mwenye ulimi wa kukwangulia sufuria, na ndiye aliyekuwa akikaa naye nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, wakimenya vitunguu hadi macho yawe mekundu. Tiurma aliitwa na ukoo. Rosmida aliitwa na Tiurma.

Ikaja siku ya semina. Kitivo kilimleta mtaalamu kutoka Jakarta awafundishe watumishi ujasiriamali, na Tiurma, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi wa semina hiyo, aliambiwa aandae vitafunio vyake. Aliingia ukumbini na sinia la vikeki vya mchele wakati mtaalamu akieleza, kwa picha za rangi ukutani, kwamba mfanyakazi anayeheshimiwa, anayelipwa kwa wakati na kusikilizwa na wakubwa wake, ndiye anayechipua ubunifu na ujasiri wa biashara. Mazingira mazuri ya kazi, alisema, huzaa wajasiriamali.

Rosmida alikuwa nyuma yake na birika la chai. "Basi mimi na wewe, wifi," akanong'ona kwa sauti iliyofika safu ya tatu, "tusingejua hata kuchemsha maji."

Tiurma akacheka, na vikeki viwili vikaanguka. Jahormat akageuza shingo. Alipopewa kipaza sauti cha kufunga semina, alisema kitivo chake ni mfano hai wa maneno ya mtaalamu. "Tunao watumishi wenye vipaji vikubwa," alisema, "kwa sababu ya mazingira tuliyowajengea." Halafu akanyoosha mkono kuelekea masinia. Watu wakapiga makofi. Tiurma alisimama pale na sinia tupu, na chuki aliyoisikia kifuani ilikuwa safi kabisa, haikuchanganyika na kitu kingine.

Ndipo kantini ikawa wazi. Mpangaji wake wa zamani alihamia Pekanbaru na kuacha meza, majiko na mende. Tiurma aliitaka kantini ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Angepika kwa jina lake. Desemba ingepita kama mwezi mwingine wowote. Mkuu wa kitivo alikuwa amemwachia Jahormat achague mpangaji, kwa hiyo Tiurma akaingia ofisini kwake mchana kweupe, sare imepigwa pasi.

"Bosi, nimesikia kantini iko wazi."

"Umesikia vizuri."

"Naiomba."

Jahormat aliegemea kiti. Alikuwa mnene wa mashavu, na alipofurahi macho yalizama. "Wewe? Kantini si ya kuchezea bakuli na mwiko. Mke wa mwanangu amesomea mambo ya hoteli huko Medan. Ana cheti."

"Amewahi kulisha watu wangapi?"

"Atajifunza. Wewe utakuwa naye jikoni, umwonyeshe. Wewe si ni boru wetu?"

"Nitakuwa naye kama nani?"

"Kama ndugu, ito! Kama nani tena?"

"Yaani bure."

Tabasamu likafutika. "Chunga mdomo wako. Desemba haiko mbali, na watu wanaojua kupanga faili wamejaa mji huu."

Tiurma alitoka bila kuaga. Kwenye ngazi alikutana na Rosmida akideki, akamweleza yote kwa sauti ya juu, na hakujali nani anasikia.

"Mbwa yule," alisema Rosmida. "Mimi ningemmwagia ndoo."

"Ndoo haitoshi."

"Basi utafanya nini, wifi? Yeye ni mkwe wa nyumba yako. Ukimpinga, ukoo mzima utasema boru amewatemea mate waliomzaa."

"Sitampinga," alisema Tiurma. "Nitamlisha."

Kila mwanzo wa mwaka ukoo wa Sibarani wa Siantar hukutana kwenye ukumbi wa kukodi, wakala, wakaomba, wakacheza ngoma na kugombana kuhusu uongozi. Mwaka huo mwenyekiti wa sherehe alikuwa Jahormat, aliyekitwaa kiti hicho kwa hila kutoka kwa mzee mmoja aitwaye Ompu Togar, na mzee huyo tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja jina lake bila kukohoa. Jahormat alimwongezea Tiurma mkataba Desemba ileile, maana sherehe ilikuwa mlangoni na tumbo la ukoo ni kubwa. Kisha akamwagiza jikoni. Tiurma akakubali haraka sana. Mtu mwenye akili angeshtuka.

Nyumbani, mumewe hakulala vizuri. Baba Saut alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuongea na injini yake kuliko na watu.

"Unataka tumchinje nguruwe wa ada ya shule ya Saut wetu?"

"Huyo huyo."

"Mama Saut, wakikataa? Tumepoteza nguruwe, umepoteza kazi. Tutakula nini?"

"Sasa hivi tunakula nini?"

Baba Saut akalitazama banda, akamtazama mkewe. Nguruwe yule walimlea tangu akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, kwa makombo ya sherehe za kitivo, malipo pekee ambayo Tiurma aliwahi kupata kwa kazi ile. Asubuhi ya sherehe Baba Saut aliwaita ndugu zake wa Siagian, wakanoa visu.

Wageni walipojaa ukumbini, chakula cha ukoo kilikuwa tayari jikoni, kimepikwa na Tiurma na Rosmida kama kawaida. Jahormat alikuwa amekaa mbele, shali ya ukoo begani, akingoja kuhudumiwa. Lakini boru hakutokea mlango wa jikoni. Tiurma aliingia kwa mlango mkubwa, yeye na mumewe na akina Siagian wote nyuma yao, wamevaa shali zao, wakicheza kwa hatua ndogo kufuata ngoma, na mikononi wamebeba sinia pana. Juu yake nguruwe amepangwa kama desturi inavyodai: kichwa mbele, mbavu pembeni, ini katikati, mkia nyuma. Ukumbi ukashangilia. Ilikuwa miaka hakuna boru aliyekuja na sinia kamili namna ile. Siku hizi watu huleta bahasha.

Sinia la namna hiyo mkwe halikatai. Akilikataa amekataa baraka zake mwenyewe mbele ya ukoo. Basi Jahormat akanyoosha mikono, akaligusa pamoja na wazee wenzake, wakaomba, wakala. Na alikula, jamani! Nyama ya kichwa ilikuwa haki yake kama mwenyekiti, na mkono wa Tiurma aliujua. Andaliman ilimtoa jasho, akajifuta, akaongeza. Aliyemlisha alisimama pembeni akimwangalia anavyotafuna, na hakusikia njaa hata kidogo.

Wakwe wakishakula cha boru, kuna swali ambalo lazima liulizwe. Jahormat alitaka kulirukia. Alichukua kipaza sauti, akashukuru haraka haraka, akatangaza kwamba sasa ngoma iendelee. Kule mstari wa wazee, Ompu Togar akakohoa.

"We mwenyekiti!" alipiga kelele, mafuta yakimeremeta kidevuni. "Umekula cha boru halafu unamfukuza kwa ngoma? Hatuulizi maana ya chakula siku hizi? Au ndiyo usomi?"

"Ompung, babu yetu, muda wetu—"

"Muda wa kutafuna ulikuwepo! Binti yangu, sema. Chakula hiki maana yake nini?"

Nisikudanganye, mzee yule hakuwa na mapenzi yoyote na Tiurma. Alitaka tu kumwona Jahormat anatapatapa, na hakuwa tayari kuikosa nafasi hiyo.

Kwa kawaida mwanamume ndiye hujibu. Baba Saut alifungua mdomo, ukatoka upepo. Tiurma akamsogeza kwa kiwiko.

"Wazee wangu, baba zangu, ito zangu," alisema, na sauti yake ilifika hadi kwa watoto waliokuwa wakicheza nje. "Nimewaletea nguruwe wa ada ya mwanangu. Sikuleta kwa kujionyesha. Tangu niingie chuoni, ito wangu Jahormat ameniita boru kila kunapokuwa na sherehe. Nimepika, nimeosha, nimenunua vitunguu vyake, nimekatwa mshahara kwa kumpikia. Sikulalamika. Boru halalamiki. Lakini kwenu mlinifundisha kwamba boru naye hubembelezwa, na akileta nyama hupewa samaki. Miaka yote hiyo sijaona hata mwiba. Leo naomba samaki wangu. Naomba kantini ya kitivo."

Watu walianza kunong'ona. Jahormat alisimama, na sasa alitumia sauti yake ya ofisini.

"Ndugu zangu, huyu dada amechanganyikiwa. Kantini ni mali ya chuo. Chuo kina taratibu. Mambo ya kazi hayaletwi kwenye ukoo."

"Aaa!" Tiurma akapiga mkono pajani. "Kwenye vitunguu mimi ito, kwenye kantini mimi mtumishi wa mkataba? Ulipoleta ukoo kazini, taratibu zilikuwa likizo? Na mke wa mwanao, unayetaka kumpa kantini hiyo, yeye ni taratibu gani?"

Kicheko kiliripuka kuanzia kwa wanawake, kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee. Mke wa mwana wa Jahormat, mwenye cheti chake cha Medan, aliinamia simu. Jahormat alijaribu kusema tena.

"Umemeza au hujameza?" Ompu Togar alimkata.

"Ompung?"

"Nyama! Imeshuka au iko mdomoni?"

"Nimemeza, Ompung, lakini—"

"Hiyo lakini ungeisema kabla ya kumeza!"

Hapo alikwisha. Mkwe aliyekula sinia la boru akamnyima ombi lake lililo ndani ya uwezo wake huitwa jina ambalo hata wajukuu zake hulirithi, na uwezo alikuwa nao, watu wote wa kitivo waliokuwamo ukumbini walijua. Akaletewa samaki wa arsik, yaani aliyeungwa kwa manjano na andaliman, mzima na magamba yake, aliyepikwa na Tiurma mwenyewe. Jahormat akambeba kwa mikono miwili na kumkabidhi kwa akina Siagian, akitamka baraka za desturi, na kantini pamoja nazo, kwa meno yaliyofungwa. Aliposogea karibu na Tiurma alimnong'oneza, "Utanitambua."

"Nilishakutambua zamani, ito," alisema Tiurma. Alimla samaki yule palepale, hata kichwa alikifyonza.

Jahormat hakuwa mtu wa kutishia bure. Wiki iliyofuata mkataba wa masijala ukafutwa, eti mtumishi hawezi kuwa mpangaji. Halafu maji ya kantini yakawa yanakatika kila ifikapo saa ya chakula. Halafu ukavuma uvumi, na haukuhitaji kuulizwa ulitoka nyumba gani, kwamba kuku wa Tiurma anakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Uvumi huo ungemfunga mtu mwingine yeyote. Tiurma alilihamisha jiko la kuku mbele kabisa, macho ya watu yalione, sufuria zake zikaning'inizwa mbali na za nyuma, na mpishi wake akawa mwanamke wa Kijava mwenye hijabu ambaye kila mtu alimfahamu kutoka maktaba. Maji aliyajaza kwenye madumu alfajiri, Baba Saut akiyaleta kwenye kibanda cha pikipiki. Kila fitina aliyoletewa alikuwa ameshaiona sura yake kwenye jiko la Jahormat. Kantini ikajaa. Wahadhiri wakaja, wanafunzi wakaja, na mwishowe, njaa haina fahari, Jahormat mwenyewe akaja, akashika sahani na kupanga foleni.

Rosmida alikuwepo muda wote huo. Alikuja kabla ya zamu yake ya kudeki kumenya vitunguu, akarudi wakati wa mapumziko kuosha vyombo, akarudi tena jioni. Mwanzoni hakuna aliyekuwa na kitu, wakacheka na kula ukoko pamoja. Kisha kantini ikanunua jokofu. Ikanunua feni mbili. Mpishi wa kuku akawa na mshahara, maana alikuwa mtu baki na mtu baki hulipwa. Rosmida akawa na shukrani.

Mchana mmoja, foleni imefika mlangoni, Rosmida alifuta mikono kwenye aproni na kusogea kaunta.

"Wifi, nataka tuzungumze kuhusu kazi yangu hapa."

"Sasa hivi? Huoni watu?"

"Jana ulisema umechoka. Juzi ulisema kesho."

"Rosmida, sahani zimeisha! Nenda kaoshe, tutaongea." Tiurma alikuwa na mwiko mkono mmoja na chenji mkono mwingine. "Mimi na wewe tunaanza kuulizana malipo? Ndugu hawahesabiani vitunguu."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya. Rosmida alimtazama usoni, uso uleule aliokaa nao wakimenya vitunguu karibu na mapipa ya taka, kisha akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta.

"Mimi ni boru Siagian," alisema. "Wewe umeolewa kwetu, kwa kaka zangu. Nyumba yangu ni boru wa nyumba yako, kama nyumba yako ilivyo kwa huyo hapo kwenye foleni. Sasa samaki wangu yuko wapi, wifi?"

Akatoka zake kwenda kudeki.

Mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa Jahormat, na sahani yake kifuani. Macho yake yalizama kwenye mashavu. Hakucheka kwa nguvu. Alisema taratibu, karibu kwa upendo, "Umefuzu, ito. Mimi mwenyewe nisingefundisha vizuri zaidi."

Damu ilimpanda Tiurma hadi masikioni. Alimchukia mtu yule kwa nguvu zake zote. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu, na yeye ndiye aliyeushika mpini. Alitaka kumrushia mwiko. Alitaka kumfuata Rosmida amtukane kwa kumdhalilisha mbele ya wateja, na alijua kabisa kwamba hayo ndiyo Jahormat angeyafanya.

Juu ya jiko la nyuma kulikuwa na samaki wa arsik, mkubwa kuliko wote, aliyeagizwa na mkuu wa kitivo kwa ajili ya wageni wake. Tiurma akampakua mzima, kichwa na mkia, akampanga kwenye sinia.

"We mama, sisi je?" mhadhiri mmoja alilalamika.

"Jipakulieni! Si mna shahada?"

Akavuka uwanja na sinia mikononi, jua la mchana utosini, watu wakimtazama kutoka madirishani. Rosmida alikuwa kwenye korido ya ghorofa ya chini, ameinamia fagio la kudekia, maji machafu yakitiririka mbele yake. Alimwona, hakusimama.

"Nimekuletea samaki wako," alisema Tiurma. Pumzi zilikuwa juu. "Na mshahara utaanza mwezi huu, na miezi iliyopita tutakaa tuihesabu. Vitunguu vyote, wifi. Hata vilivyooza."

Anayekula samaki wa mkwe amekubali maneno yaliyokuja naye, na Rosmida alilijua hilo kama alivyolijua mtu yeyote ukumbini siku ile. Alimkagua samaki kuanzia kichwani hadi mkiani. Akakamua dekio, akalichovya tena kwenye ndoo.

"Weka pale dirishani," alisema. "Na usikanyage hapo, pabichi. Nikimaliza korido nitaamua kama nina njaa."

Tiurma akaweka sinia dirishani, akabaki amesimama palipokauka, akingoja. Korido ya Kitivo cha Kilimo ni ndefu, na Rosmida hakuwa na haraka.